Kibla Kaskazini: Siku Nane Kwenye Barabara ya Dempster

Siku ya kwanza: Whitehorse

Kwetu Tanga mzee wa chombo akitaja kibla, huenda hazungumzii sala. Kibla ni kaskazini, kama suheli ilivyo kusini, kwa sababu ukisimama pwani yetu ukaelekea Makka, uso wako unatazama kaskazini karibu moja kwa moja. Ndivyo nilivyokua nikiujua upande huo: upande wa sala, na upande unakotoka upepo wa kaskazi unaotuletea joto la Desemba na Januari. Kwamba mbele zaidi huko kuna bahari inayoganda mpaka gari linapita juu yake, nilifundishwa shuleni na sikulitia moyoni.

Leo tumetua Whitehorse, mji mkuu wa Yukon, eneo la kaskazini-magharibi mwa Kanada, mimi na binti yangu wa miaka 19. Yeye ni mzaliwa wa Edmonton, mimi nimeishi huko miaka 20, kwa hiyo baridi ya Kanada hatuionei ugeni. Ni katikati ya Februari. Tuko abiria sita na dereva mmoja ambaye ndiye mwongozaji: mtu wa makamo ya kustaafu, aliyeendesha malori ya mizigo kwenye barabara tunayokwenda kuipita. Mimi na binti yangu tunamwita Mzee, na ametukubalia jina hilo alipojua maana yake.

Jioni alituambia tutandaze nguo zetu zote kitandani, akazipitia moja moja kama afisa wa forodha. Kila kilichokuwa cha pamba alikiweka kando. Pamba ikinywa jasho haikauki, na mwili uliolowa kwenye baridi kali hupoteza joto upesi. Sufu ndani, sufu tena, kisha koti la manyoya ya bata, kisha la kuzuia upepo. Viatu alivikubali. Glavu zangu alizikataa.

Siku ya pili: Whitehorse hadi Dawson, kilomita 530 hivi

Asubuhi nyuzi 31 chini ya sifuri. Gari letu lilikuwa limelala limechomekwa kwenye umeme kama pasi. Magari yote ya huku yana waya unaoning'inia mbele ya bampa: ndani kuna heita inayoipasha injini moto usiku kucha, maana oili iliyopoa hivyo huwa nzito kama asali ya mwisho wa chupa. Mzee alituonyesha pia kwamba havuti handibreki kabisa, kwa sababu inaganda hapo hapo ilipo. Tulipoondoka gari lilidunda kwa dakika kadhaa. Nilidhani tumepata pancha, kumbe matairi yalikuwa yameganda yakiwa bapa upande mmoja, na mpaka yapate joto yanazunguka hivyo hivyo.

Njia inafuata mto Yukon na misitu ya misonobari. Carmacks tulikunywa supu. Mbele kidogo tulisimama kutazama Five Finger Rapids, ambapo visiwa vinne vya mwamba vinaukata mto kuwa mikondo mitano. Maji yanapopita kwa kasi yalikuwa hayajaganda yote, na mvuke ulipanda kutoka mtoni kana kwamba kuna mtu anachemsha. Binti yangu alivua glavu apige picha. Baada ya picha tatu simu ikazima, ingawa betri ilikuwa imejaa. Tangu hapo simu zetu zinakaa ndani ya nguo, karibu na ngozi.

Mzee anasema nyuzi 31 ni siku nzuri. Katika Yukon hii hii, mahali panapoitwa Snag, Februari 3, 1947, kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 63 chini ya sifuri.

Siku ya tatu: Dawson

Mji wa dhahabu. Iligunduliwa Agosti 1896 kwenye kijito cha Bonanza, na kufikia 1898 watu wapatao 30,000 walikuwa wamejazana hapa, kwenye ardhi ya Watr'ondëk Hwëch'in, wenyeji wa asili, ambao mto huu ulikuwa ukiwalisha samaki. Mengi yameandikwa kuhusu dhahabu hiyo. Mimi kilichonishika ni majumba mawili matatu ya zamani yaliyoegemeana kama walevi. Yalijengwa moja kwa moja juu ya ardhi iliyoganda, joto la ndani likashuka chini, barafu ya ardhini ikayeyuka, nyumba zikazama kila moja kwa upande wake. Mzee alituambia tuyatazame vizuri, kwani jambo hilo tutakutana nalo tena hadi mwisho wa safari.

Hakuna daraja Dawson. Kiangazi watu wanavuka Yukon kwa pantoni, na baridi wanavuka juu ya barafu. Tulivuka kwa miguu kwenda na kurudi. Katikati ya mto binti yangu alisimama, akauliza chini kuna nini. Nikamwambia maji, yanakwenda zake.

Siku ya nne: Dawson hadi Eagle Plains

Makutano ya barabara ya Dempster yako kilomita 40 hivi mashariki ya Dawson. Kuanzia hapo, kilomita 369, hakuna kituo cha mafuta, hakuna duka, hakuna mtandao wa simu. Mzee alisimama akakagua tena: matairi mawili ya akiba, mabeleshi, mablanketi ya kulalia nje, mishumaa na kopo la kuichomea ndani, chakula cha siku tatu, simu ya setilaiti. Akatupa amri moja tu: hakuna kwenda mahali ambapo huioni gari.

Barabara hii si ya lami. Ni tuta la changarawe, nene mita 1.2 hadi 2.4, lililomwagwa juu ya ardhi iliyoganda ili kuikinga isiyeyuke. Ndiyo siri yake. Anayejenga barabara Tanga anachimba, anashindilia, anapambana na maji. Huku wajenzi waliogopa kuchimba. Walichotaka ni kuiacha ardhi ilale ilivyolala, na tuta ni shuka lake. Kazi ilianza 1959, ikasimama miaka, ikakamilika 1979. Baridi ikija, theluji inajaza mashimo, inashindiliwa na malori, na njia inakuwa laini kuliko kiangazi.

Milima ya Tombstone ilitokea kushoto, myeusi, yenye ncha kali, na bonde jeupe mbele yake lisilo na nyayo hata moja. Tuliposhuka garini, kitu cha kwanza nilichokisikia ni kutosikia kitu. Hakuna ndege, hakuna jani, hakuna maji. Nilisikia damu yangu masikioni. Pumzi ikitoka inaganda kwenye kope, nywele za puani zinakuwa sindano. Tulikaa dakika kumi, zikatosha.

Baadaye, kwenye bonde la mto Ogilvie, tuliwaona karibuu, kulungu wa kaskazini, kama arobaini hivi, wakifukua theluji kwa kwato kutafuta kuvu-mwani wa chini. Hawa ni wa kundi la Porcupine, ambalo hesabu ya 2017 iliwapata zaidi ya 200,000. Binti yangu aliwaambia kupitia kioo, "Karibuni," nasi Waswahili wawili tukacheka peke yetu, wenzetu wakitaka kuelezwa.

Saa kumi na mbili jioni tulifika Eagle Plains: hoteli, gereji, pampu za mafuta, basi. Iliwekwa hapa 1978 kwa sababu mwamba uko juu, kwa hiyo nyumba haiwezi kuzama. Usiku Mzee aligonga mlango. Mwanga wa kaskazini ulikuwa angani, kijani kibichi, ukitembea kama kanga iliyoanikwa na kupigwa na upepo. Niliutazama mpaka vidole vya miguu vikaanza kuuma.

Siku ya tano: Eagle Plains

Njia imefungwa. Mbele yetu, chini ya milima ya Richardson, kuna sehemu ambapo upepo umewahi kulaza malori ubavu, na leo umeamka. Geti limeshushwa. Madereva wa malori wamejaa mkahawani, hawalalamiki. Wanacheza karata, wanakunywa kahawa, kila saa mmoja anakwenda kuuliza, anarudi akitikisa kichwa.

Ukutani kuna picha za zamani, na Mzee alitumia siku hii kutusimulia habari ya mojawapo. Desemba 21, 1910, askari wa polisi wa farasi aitwaye Francis Fitzgerald aliondoka Fort McPherson na wenzake watatu na mbwa wa kuvuta sleji, kupeleka barua Dawson. Alitaka kwenda haraka kuliko waliomtangulia, kwa hiyo alipunguza chakula. Njiani walimpata mtu wa Gwich'in, wenyeji wa asili wa milima hii, aitwaye Esau George, akawaongoza siku chache, kisha Fitzgerald akamlipa na kumwacha. Aliyebaki kuwaongoza alikuwa ameipita njia hiyo mara moja tu, tena akitokea upande wa pili. Walizunguka wakitafuta kijito cha kuingilia milimani wasikipate. Walipogeuka kurudi, chakula kilikuwa kimekwisha, wakaanza kula mbwa mmoja mmoja. Wote wanne walikufa, wawili wa mwisho wakiwa wamebakiwa na kilomita 40 hivi kufika. Koplo aliyetumwa kutoka Dawson kuwatafuta, akawakuta Machi 1911, aliitwa Dempster. Barabara imepewa jina lake.

Mzee hakulitilia neno lolote simulizi hilo. Alichosema ni kwamba Wagwich'in walikuwa wakiipita njia ile na watoto na vikongwe, kila mwaka, wakiwafuata karibuu. Ndipo akainuka kwenda kuuliza habari za geti, akarudi akitikisa kichwa, akaagiza kahawa nyingine. Nami nikaacha kuiona siku hii kuwa imepotea.

Siku ya sita: Eagle Plains hadi Inuvik

Geti lilifunguliwa saa nne asubuhi. Kilomita ya 405 tulivuka Duara la Aktiki. Kuna kibao, tukapiga picha upesi. Kisha milima ya Richardson, myeupe yote, haina mti hata mmoja, na upepo uliosalia ukipeperusha theluji chini chini, ikitambaa juu ya barabara kama moshi. Kwa kitambo kirefu sikuona barabara iko wapi na bonde liko wapi. Mzee aliendesha kwa kufuata fimbo zilizochomekwa kandoni, bila redio, bila maneno. Kilomita ya 465 tukaingia eneo la Northwest Territories.

Mto Peel tuliuvuka juu ya barafu. Hapa napo kiangazi ni pantoni, kama Pangani. Lakini kuna majuma, msimu wa vuli barafu inapojifunga na msimu wa kuchipua inapovunjika, ambapo pantoni haliwezi na barafu haiwezi, na watu wa upande wa pili wanakaa bila barabara. Wanaingoja baridi. Mwanamke wa Kigwich'in aliyetuuzia samaki Fort McPherson alisema kila mwaka wanaingoja hivyo, kama mkulima anavyongoja mvua. Samaki wenyewe ni ng'onda, wamepasuliwa, wamekatwa mistari, wamekaushwa kwa moshi, ila hawana chumvi. Nilikula wawili garini, nikamkumbuka marehemu bibi yangu.

Makaburi ya wale askari wanne yako hapo Fort McPherson, kando ya kanisa. Theluji ilikuwa imeyafunika nusu.

Mto Mackenzie tuliuvuka Tsiigehtchic. Huu ndio mto mrefu kuliko yote ya Kanada, na pale mapana yake yanatisha. Mafundi huitengeneza njia kwa kutoboa barafu, kupampu maji ya chini na kuyamwaga juu yagande, tabaka kwa tabaka, mpaka ubebe malori. Kibao kinataja uzito unaoruhusiwa siku hiyo. Mzee alipunguza mwendo sana. Gari likipita juu ya barafu, alituambia, linasukuma wimbi kwenye maji ya chini, na ukienda mbio wimbi linaweza kuipasua barafu mbele yako. Nilisoma dua niliyofundishwa ya kupanda chombo. Sikujua kama inafaa, maana hatukuwa tunaelea. Niliisoma hata hivyo.

Inuvik tulifika usiku. Nyumba zote zimesimama juu ya nguzo, na mabomba ya maji moto na maji taka yanapita juu ya ardhi ndani ya maboksi ya bati, kutoka nyumba hadi nyumba, kwa sababu ardhini hayawezi kukaa. Nilimkumbusha binti yangu majumba ya Dawson. Akasema, "Hawa walijifunza, mama."

Siku ya saba: Tuktoyaktuk

Zamani njia ya kwenda Tuktoyaktuk wakati wa baridi ilikuwa mto na bahari vyenyewe, kilomita 187 za barafu. Novemba 15, 2017 ilifunguliwa barabara ya changarawe ya nchi kavu, kilomita 138, na ile ya barafu haikutengenezwa tena. Miti inakwisha muda mfupi baada ya kutoka Inuvik. Baada ya hapo ni weupe juu na weupe chini, na mstari mwembamba wa waridi pale jua lilipokuwa likijivuta.

Mwenyeji wetu huko alikuwa mama wa Kiinuvialuit, wenyeji wa asili wa pwani hii, mwenye koti alilolishona mwenyewe, lenye manyoya ya mbwa-mwitu kuzunguka uso kwa kuwa hayashiki jalidi. Alianza kwa jina. Tuktoyaktuk maana yake mahali panapofanana na karibuu. Watu wa nje walipaita Port Brabant, na mwaka 1950 jina la wenyewe likarudishwa, mahali pa kwanza Kanada kufanyiwa hivyo. Alilisema kwa fahari, nami nilimwelewa.

Alituonyesha Ibyuk, kilima cha pingo chenye kimo cha mita 49, kirefu kuliko pingo zote za Kanada. Ndani yake hakuna mwamba, kuna barafu. Ziwa likikauka, maji yaliyobaki ardhini yanaganda kutoka kila upande, yanajibana, yanakosa pa kwenda, yanainua ardhi juu. Kwa karne nyingi mabaharia na wawindaji wa pwani ile tambarare walikitumia kujua nyumbani ni wapi. Kama minara yetu.

Kisha akatupeleka ufukweni, na hapo hakuzungumza kama mtembeza wageni. Alinyoosha mkono baharini, akaonyesha palipokuwa na nyumba alipokuwa mtoto. Pwani yao imeshikwa na barafu ya ardhini. Ardhi ikipata joto inalegea, na barafu ya bahari siku hizi inachelewa kufunga, kwa hiyo mawimbi ya vuli yanapiga ukingo ulio wazi na kumega. Nyumba kadhaa zimehamishwa ndani. Kisiwa kilichoikinga bandari yao kinaliwa mwaka hadi mwaka.

Nilimweleza, binti yangu akitafsiri nilipokwama, habari ya kisiwa cha Maziwe mbele ya Pangani. Kilikuwa na mivinje, kasa walikuwa wakitaga. Miti iliisha utotoni mwangu, na leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Akaniuliza watu walilifanyia nini. Nikamwambia walitazama. Akanishika mkono, glavu kwa glavu, tukasimama hivyo.

Halafu tukaingia baharini kwa miguu. Kilomita zisizofika 2,300 mbele yetu iko ncha ya dunia. Barafu ilikuwa na mikunjo, rangi ya maziwa, mahali pengine buluu, na ilitoa sauti, mlio mrefu wa chini, kama mbao za jahazi linapogeuka. Mwenyeji wetu alisema ni maji yanayopanda. Bahari bado inajaa na kupwa chini ya barafu yake.

Siku ya nane: Inuvik

Ijumaa. Teksi iliyotuchukua hotelini iliendeshwa na Msomali mwenye ndevu za kijivu. Aliposikia namwambia binti yangu afunge zipu, akageuka. "Mama, nyinyi ni wa pwani?" Yeye mzaliwa wa Garissa, kakulia Eastleigh, ana miaka kumi na miwili hapa. Madereva wa teksi wengi wa Inuvik, alisema, ni Wasomali, Wasudani na Waarabu. Alikuwa anakwenda Ijumaa, tukaenda naye.

Msikiti ni kijumba cha manjano hafifu, kidogo kuliko madrasa niliyosoma. Ulitengenezwa Winnipeg mwaka 2010, ukapakiwa kwenye lori hadi Hay River, ukateremshwa kwenye tishari na kuletwa kwa mto Mackenzie, safari ya kilomita 4,000 hivi. Mnara ulijengwa ulipofika. Niliposikia neno hilo la tishari ilibidi nikae. Baba yangu alifanya kazi kwenye matishari ya bandari ya Tanga miaka ishirini na sita, akiteremsha mkonge na mbolea. Angependa sana kujua kwamba kuna tishari lililobeba msikiti.

Upande mmoja kuna ghala la chakula ambalo msikiti unagawia wenyeji wenye shida, Waislamu na wasio Waislamu, kwani bei za vyakula huku zinaumiza. Maji ya udhu yalikuwa ya moto. Safu zilikuwa tatu.

Nilijua tangu jana, lakini kujua si sawa na kusimama. Inuvik iko karibu kabisa upande wa pili wa dunia kutoka Makka kwa hesabu za longitudo. Njia fupi ya kufika Makka kutoka hapa haiendi mashariki wala kusini. Inapanda juu, inapita karibu na ncha, inashukia Urusi na Iraki. Zulia limetandikwa likielekea kaskazini. Niliposema Allahu akbar, uso wangu ulikuwa unaitazama bahari niliyoitembea jana.

Usiku nilimpigia mama. Kwake ilikuwa Jumamosi asubuhi, jogoo wanasikika kwenye simu. Nilimsimulia habari za barafu, ng'onda, na tishari lililobeba msikiti. Akataka kujua jambo moja.

"Na huko mnaswali mkielekea wapi?"

"Kaskazini, mama."

"Kaskazini? Kama sisi?"

"Kama nyinyi."

Akanyamaza kidogo, akipiga hesabu zake.

"Basi tunatazamana," akasema.